"Mbona hakusema mapema?" Mamlaka, ukatili wa kingono na gharama ya kufungua mdomo

Kurunzi (mleta mada)

Salaam wakuu. Naandaa mafunzo ya siku moja kwa watu watakaokaa kwenye kamati ya kupokea malalamiko ya ukatili wa kingono katika taasisi. Si wanasheria wala madaktari, ni wafanyakazi wa kawaida walioteuliwa, wanawake kwa wanaume. Nataka waelewe ufeministi (fikra na harakati za usawa wa wanawake) unasema nini kuhusu jambo hili kabla hawajashika fomu. Nikiwapa fomu peke yake watauliza yale yale ya siku zote: alivaa nini, alifuata nini kule, mbona kakaa kimya miezi minane.

Nilipokwama ni hapa. Ule usemi kwamba "ubakaji ni mamlaka, si tamaa" bado unasimama au umeshapitwa? Kuchelewa kusema nikueleze vipi kwa mtu anayeamini kuchelewa ni dalili ya uongo? Na kamati ifanye nini hasa, hatua kwa hatua, na kamati za namna hii huharibia wapi? Naomba majibu yenye nyama. Kaulimbiu ninazo za kutosha.

Nanga

Kurunzi, nianze na huo usemi, maana ukiubeba mzima mzima utakuangusha ukumbini.

Ulizaliwa kama jibu. Maelezo yaliyokuwa yametawala, mahakamani hadi hospitalini, yalikuwa kwamba mbakaji ni mwanamume aliyezidiwa na ashiki, na aliyeichochea ni mwanamke. Mwaka 1971 wanafeministi wa New York waliitisha mkutano ambapo wanawake walisimama hadharani na kueleza yaliyowapata. Mwaka 1975 mwandishi Susan Brownmiller akajenga hoja kwamba ubakaji hufanya kazi kama kitisho kinachowashika wanawake wote, hata ambao hawajawahi kuguswa: saa wanazotembea, njia wanazopita, kazi wanazozikataa. Sehemu hiyo bado inasimama imara.

Sehemu ya "si tamaa" ndiyo iliyopingwa, na waliopinga ni wanafeministi wenyewe. Mwanasheria Catharine MacKinnon alisema kutenga ngono upande huu na mamlaka upande ule kunaiacha salama ngono inayotendeka chini ya shinikizo kila siku bila ngumi wala kisu. Bosi anayemtaka mwanamke anaweza kuwa anamtaka kweli. Kinachomfanya aone ana haki ya kumpata, na kinachomlinda baada ya hapo, ni cheo. Kwa hiyo waambie wanakamati hivi: tamaa inaweza kuwepo au isiwepo, haituhusu. Tunachotafuta ni nani alikuwa na uwezo wa kumdhuru mwenzake kwa kusema "hapana". Ukiwaambia tamaa haipo kabisa, siku watakapoona jumbe za mapenzi kwenye simu ya mtuhumiwa watahitimisha kwamba huo haukuwa ukatili.

Rushwa ya ngono ndiyo mfano safi kuliko yote. Hakuna aliyepigwa, mlango haukufungwa, pengine hata sauti haikupanda. Kuna mtu mwenye saini tu, na mtu anayeihitaji saini hiyo ili asirudie mwaka. Ukiuliza "alikubali?", jibu litakuwa ndiyo, na kesi imekufa. Mahakama Kuu ya Marekani iliona tatizo hilo mwaka 1986 katika kesi ya Mechelle Vinson, mfanyakazi wa benki: ikasema swali si kama alishiriki kwa hiari, swali ni kama alikuwa anayataka mambo hayo ya msimamizi wake. Hukumu hiyo hiyo ikaruhusu mavazi na maneno yake yatazamwe kama ushahidi. Yaani mlango mmoja ukafunguliwa, dirisha la zamani likaachwa wazi.

Mfano wa pili ambao ningeupa nusu saa nzima ni kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, iliyosikilizwa Arusha kwenye mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari. Hati ya mashtaka ya mwanzo haikuwa na ubakaji hata mstari mmoja. Januari 1997 shahidi aliyefichwa jina, akiwa katikati ya kueleza mambo mengine, akataja kwamba binti yake wa miaka 6 alibakwa na wanaume watatu. Majaji hawakumpita. Waliuliza zaidi, akiwemo Navanethem Pillay, mwanamke pekee katika jopo la watatu. Shahidi mwingine akaeleza yaliyompata yeye mwenyewe. Juni 1997 hati ikarekebishwa, wanawake wengine wakaitwa, na tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Ikasema pia kwamba shuruti haihitaji kuthibitishwa kwa nguvu za mwili: vitisho, hofu na kubanwa vinatosha.

Waulize wanakamati: kabla ya Januari ile, wanawake wale walikuwa "wamenyamaza"? Ukimya wao ulikuwemo ndani ya orodha ya maswali ya waliokuwa wanauliza.

Zamu ya Usiku

Nanga kamaliza ya juu, mimi nishuke kwenye mwili na saa.

Watu huchanganya mambo matatu: kutopigana, kutosema, na kusema vipande vipande. Yatenganishe, kila moja lina sababu yake.

Kutopigana. Mwili ukizidiwa na hofu unaweza kuganda: misuli inakaza, sauti haitoki, mtu anajiona kama yuko mbali. Utafiti uliochapishwa 2017 kutoka kliniki ya dharura ya waliobakwa Stockholm uliwahoji wanawake 298. Asilimia 70 waliganda kwa kiwango kikubwa, wakiwemo asilimia 48 ya wote walioganda kwa kiwango cha kupindukia. Walioganda ndio waliokuwa na hatari kubwa zaidi ya msongo wa baada ya kiwewe miezi sita baadaye. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya nayo iliamua mwaka 2003, katika kesi ya binti wa miaka 14 dhidi ya Bulgaria, kwamba kudai alama za kupigana katika kila kesi ni kuacha aina nzima za ubakaji bila adhabu.

Kutosema. Hapa ondoa neno "aibu" kama jibu la kila kitu. Aibu ipo, ila mara nyingi ni hesabu. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa 2021 yanasema karibu mwanamke 1 kati ya 3 amepitia ukatili wa kimwili au wa kingono maishani. Sehemu kubwa inatoka kwa mume au mpenzi, huku ukatili wa kingono wa mtu asiye mwenzi ukikadiriwa kwa wanawake 6 katika 100, na shirika lenyewe linasema hiyo ya mwisho ni pungufu kwa sababu ya wanaoficha. Kusema, basi, ni kumsema anayelipa kodi ya nyumba, baba wa watoto, au anayeidhinisha mkataba. Ile "miezi minane" yako, Kurunzi, ichunguze: mara nyingi inalingana na kitu. Muda wa majaribio kazini umekwisha, matokeo yametoka, amehama nyumba, au mtu wa pili amelalamika. Kwa hiyo swali la kamati lisiwe "kwa nini hukuja?" Liwe "kuna kilichobadilika hadi ukaweza kuja sasa?" Linajibika bila mtu kujitetea, na jibu lake mara nyingi ni ushahidi wenye tarehe.

Vipande vipande. Kiwewe huacha baadhi ya mambo makali sana (harufu, maneno mawili matatu, rangi ya pazia) na kufuta mpangilio na saa. Anayehoji akianza na "ilikuwa saa ngapi, mkafanya nini kwanza, kisha?" anamlazimisha abuni mpangilio, na mpangilio wa kubuni ndio utakaomwumbua baadaye. Anza na: "Nieleze unachokumbuka, anzia popote." Mwache amalize. Ndipo urudi kujaza mapengo, na "sikumbuki" iandikwe kama ilivyo.

Mahojiano yawe mamoja, marefu, yaliyoandikwa vizuri. Akieleza kwa mlinzi, kisha kwa rasilimali watu, kisha kwa mwenyekiti, kisha kwa kamati, kuna matoleo manne, na tofauti ndogo kati yake zitaitwa uongo. Na jambo dogo linaloharibu faili nyingi: anasema "alinibana ukutani akaingiza mkono ndani ya blauzi", katibu anaandika "alimdhalilisha kijinsia". Siku ya kikao anaulizwa alidhalilishwaje, anaeleza, na mtuhumiwa anasema mbona haya hayakuwemo kwenye maelezo. Andikeni maneno yake, mumsomee, asaini kila ukurasa, apewe nakala hapo hapo.

Kama tukio ni la karibuni, tiba kwanza. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, mapema ndivyo bora, na zinamezwa siku 28. Uzazi wa mpango wa dharura hadi saa 120, nao hupungua nguvu kadiri saa zinavyokwenda. Aliyekabwa shingo aonwe na daktari hata kama hana alama, kwa sababu madhara ya ndani yanaweza kujitokeza baadaye. Asioge wala kufua kabla ya vipimo ikiwezekana. Kama keshaoga aende vile vile. Nguo ziwekwe kwenye mifuko ya karatasi, kila moja peke yake. Plastiki hufungia unyevu, ukungu unakula ushahidi. Hakuna kati ya haya kinachomfunga kufungua kesi. Mwambieni hivyo waziwazi, maana wengi hukwepa hospitali wakidhani wakifika tu polisi wataitwa.

Mzani

Nauliza kwa nia njema. Mnafundisha kamati kwamba kuchelewa si dosari, kutopigana si dosari, kusahau si dosari. Mtuhumiwa kabakiwa na utetezi gani? Na wanaosingiziwa je, hao hawana dawati?

Kizimbani

Mzani, swali lako ni halali na mafunzo yasiyolijibu hayafai. Utetezi wake uko pale pale: hakuwepo, hakutenda, ridhaa ilikuwepo na ilionyeshwa hivi na hivi, maelezo ya mlalamikaji yanapingana na kumbukumbu za mlango au za simu. Kilichoondolewa ni njia ya mkato tu, ile ya kushinda bila kugusa tukio lenyewe.

Njia hiyo ya mkato ina historia. Jaji Mwingereza wa karne ya 17, Matthew Hale, aliandika kwamba tuhuma ya ubakaji ni rahisi kutolewa na ngumu kuthibitishwa, na ngumu zaidi kwa mtuhumiwa kujitetea. Kutoka hapo majaji wa nchi zilizofuata sheria ya Kiingereza wakawa wanaonya dhidi ya kutia hatiani kwa neno la mwanamke peke yake, onyo ambalo shahidi wa wizi au wa kupigwa hakuwekewa kwa kuwa tu ndiye aliyeibiwa au kupigwa. Huyo huyo Hale ndiye aliyeandika kwamba mume hawezi kumbaka mkewe, na Uingereza ikaishi na kauli hiyo hadi 1991. Afrika Kusini iliitupa kanuni hiyo ya tahadhari, yaani lile onyo la majaji, mwaka 1998, kesi ya Jackson. Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika kesi ya Mukungu, ikasema kudai ushahidi wa kuunga mkono kwa sababu tu mlalamikaji ni mwanamke au msichana ni ubaguzi usiokubaliana na katiba. Hakuna mahakama kati ya hizo iliyosema mwanamke aaminiwe lolote atakalosema. Zilisema apimwe kama shahidi mwingine.

Kuhusu kusingiziwa: tafiti zinazoheshimika huweka taarifa za uongo kati ya asilimia 2 na 10. Uwaeleze wanakamati namba hiyo inahesabu nini. Ni taarifa ambazo uchunguzi ulifanyika ukaonyesha tukio halikutokea. Zile zilizofungwa kwa kukosa ushahidi hazimo, na mtu asije akazijumlisha akasema "asilimia 60 ni waongo". Wala upande wa pili usiseme asilimia 90 zilizobaki zimethibitika. Nyingi ziko katikati, na katikati ndipo kamati yako itakapofanya kazi karibu kila siku.

Sasa la wanaosingiziwa. Aliyelisema kwa sauti kubwa kuliko wote ni mwanamke mweusi, mwandishi wa habari. Mwaka 1892, baada ya rafiki zake watatu kuuawa na genge la wazungu Memphis, Marekani, Ida B. Wells alichunguza mauaji ya namna hiyo na kuonyesha kwamba tuhuma ya ubakaji ilitumika kama kisingizio, mara nyingi pasipo hata tuhuma yenyewe. Ofisi ya gazeti lake ikavunjwa. Mwaka 1981 mwanafeministi mweusi Angela Davis akamkosoa Brownmiller kwa namna alivyomwandika Emmett Till, kijana wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi mwaka 1955 kwa kudaiwa kumchokoza mwanamke mzungu. Usiishie hapo, kwa sababu kuna upande wa pili wa mfumo ule ule: Recy Taylor, mwanamke mweusi wa Alabama, alitekwa na kubakwa na wanaume wazungu mwaka 1944, mwanaharakati Rosa Parks alitumwa kuchunguza, majopo mawili ya kuamua mashtaka yakakataa kumshtaki yeyote. Bunge la jimbo liliomba radhi mwaka 2011. Mweusi alisingiziwa akauawa, na mweusi alipolalamika hakusikika. Anayeaminiwa hufuata nani ana nguvu mahali hapo: rangi, tabaka, cheo, jinsia. Kwa hiyo Mzani, kama mtuhumiwa ni mfagizi na mlalamikaji ni mkurugenzi, nataka kamati iwe macho zaidi, na ufeministi ninaoujua utakubaliana nami.

Kivitendo: sera iandike kipimo cha ushahidi. Mahakama ya jinai inadai kuthibitisha pasipo shaka ya maana kwa sababu inafunga watu jela. Kamati ya nidhamu hupima upande upi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Kisipoandikwa, kila mwanakamati atakuja na chake kutoka nyumbani, na mwenye sauti kubwa ndiye atakayeamua.

Daftari

Mimi ni wa taratibu, nitaongea taratibu.

Milango ya kuingilia iwe miwili au zaidi, na angalau mmoja usiwe chini ya mkuu wa taasisi. Sera yenye mlango mmoja huvunjika siku mtuhumiwa akiwa ndiye mlango. Kamati ya watu watano inatosha, wengi wao wanawake, na mmoja kutoka nje asiyelipwa mshahara na taasisi. Huyo wa nje si pambo: ndiye asiyeogopa mkataba wake usihuishwe.

Siku ya kupokea, hakuna uamuzi. Kuna maelezo, nakala, na swali la usalama: mnakutana wapi, nani ana funguo, nani anapanga zamu, unarudi nyumbani vipi. Ndani ya saa 48 hatua za muda ziwe zimetoka kwa maandishi. Na hapa ndipo kamati huharibu kuliko mahali pengine: inamhamisha mlalamikaji "kwa usalama wake". Anapoteza timu, posho, pengine msimamizi wa utafiti wake, na kila mtu anajua kwa nini. Anayehama ni mtuhumiwa, bila kupunguziwa malipo kwa sababu bado hajakutwa na hatia. Mlalamikaji anahamishwa akiomba mwenyewe, na ombi liwe na saini yake.

Mtuhumiwa apewe tuhuma zenye tarehe, mahali na tendo, si "ulimdhalilisha mfanyakazi", na siku 7 za kujibu. Kuwakalisha uso kwa uso hapana. Maswali ya kila upande yapitie kwa mwenyekiti, yaandikwe, na yanayohusu wapenzi wa zamani wa mlalamikaji yakataliwe. Siku 30 hadi 60 uamuzi uwe umetoka, wenye sababu, kwa pande zote mbili. Wiki mbili za rufaa. Kesi ikipita miezi minne mashahidi wanaanza kuhama, na kila mtu analijua hilo, akiwemo anayeomba kuahirisha.

Usuluhishi usiwepo kabisa kwenye sera, hata kama kuna mzee mwenye busara anayejitolea. Usuluhishi ni wa watu wawili wanaoweza kuinuka mezani wakiwa sawa. Huku mmoja anasaini likizo ya mwenzake. Matokeo ni karatasi inayosema "tumeyamaliza", na karatasi hiyo ndiyo itakayotumika dhidi ya mwanamke wa pili.

Jiandaeni kwa malalamiko ya kujibu mapigo. Jennifer Freyd, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1997 mwenendo wa hatua tatu: kukana, kumshambulia anayesema, kisha kugeuza nafasi ili mtenda awe ndiye mwathirika. Kamati itauona wiki ya kwanza: barua ya mtuhumiwa kwamba anachafuliwa, na kwamba mlalamikaji ana utovu wa nidhamu wa siku nyingi. Aliyeshtakiwa kwa uongo naye angekana na kukasirika, kwa hiyo hasira si ushahidi wa hatia. Kanuni ninayoipendekeza ni ya foleni: barua yake inasajiliwa, inapewa namba, inasubiri la kwanza liamuliwe.

Kisasi ni cha polepole. Hakuna anayefukuzwa kesho yake. Zamu zinabadilika, mialiko ya vikao haifiki, mkataba "haukuhuishwa kwa sababu za bajeti". Wekeni tarehe za kuwaangalia mlalamikaji na mashahidi: mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, mkilinganisha zamu, malipo na tathmini za kabla na baada. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Juni 2019 na kuanza kutumika Juni 2021, unataka ulinzi dhidi ya kisasi kwa walalamikaji, mashahidi na watoa taarifa. Unawagusa pia walio mafunzoni, wanaojitolea, wanaoomba kazi na walioachishwa, na unasema tukio moja linatosha. Pendekezo namba 206 linaloambatana nao linataja kuhamisha mzigo wa uthibitisho pale inapofaa, nje ya kesi za jinai. Nchi ikiwa haijauridhia, bado unaweza kunakili lugha yake kwenye sera ya taasisi. Hakuna atakayekudai hakimiliki.

Kurunzi

Nimeandika kurasa sita hadi sasa, ahsanteni sana. Mawili yamebaki. Uongozi unataka sanduku la barua zisizo na jina, wanadhani limemaliza tatizo. Na vijana watauliza kuhusu kumtaja mtu mtandaoni: nikataze, niruhusu, nikae kimya?

Daftari

Sanduku haliwezi kumwadhibu mtu, kwa sababu mtuhumiwa hana wa kumjibu. Linaweza kuamsha uchunguzi wa jumla: barua tatu zikitaja idara moja, kagueni alama, zamu au posho za idara hiyo bila kumtaja mtu. Kuna njia nzuri zaidi, nayo ni lalamiko lililofungwa. Mwanamke anaandika kila kitu kwa jina lake na tarehe, kinahifadhiwa bila kufunguliwa hadi mwingine amtaje mtu yule yule. Gharama ya kuwa wa kwanza inashuka. Ila aelezwe mapema nani ana ufunguo, nini kitatokea majina yakilingana, na kwamba anaweza kuliondoa wakati wowote. Ufunguo ukiwa kwa mkurugenzi, msianze.

Kizimbani

La mtandaoni usikataze, huna mamlaka hayo, na kamati inayokataza itaonekana inaficha. Mwanaharakati wa Marekani Tarana Burke alianza kazi yake ya "Me Too" ("Mimi pia") mwaka 2006 na wasichana weusi, kwa ajili ya kupona. Oktoba 2017 maneno hayo yakasambaa duniani na yakafanya kazi nyingine: wakiwa wengi, kumwadhibu mmoja kunakuwa kugumu. Mmoja akiwa peke yake hesabu ni tofauti.

Sehemu nyingi, aliyemtaja mtu akishtakiwa kwa kashfa, ukweli ni utetezi, lakini mwenye kuuthibitisha ni yeye. Kwa hiyo kabla ya kuchapisha awe na lalamiko la maandishi lenye tarehe lililokwisha kupokelewa mahali, mazungumzo yote ya simu yaliyonakiliwa nje ya simu (yote, yakiwemo yasiyompendeza, kwa sababu upande wa pili nao wanayo), na ushauri wa wakili. Aandike tendo, asiandike sifa. "Tarehe fulani, ofisini kwake, alifunga mlango akanishika" ni jambo analolijua. "Ni mbakaji sugu" ni dai kuhusu watu wengine, na ndilo litakalofikishwa mahakamani. Hadithi za wenzake asiziweke hata kama wamemsimulia, na picha za mazungumzo zikaguliwe majina yaliyojificha pembeni. Siku za kwanza mtu mwingine ndiye asome maoni.

Mwishowe atapelekewa karatasi ya suluhu yenye pesa na kifungu cha usiri. Marekani, sheria ya Desemba 2022 ilivibatilisha, katika kesi za namna hii, vifungu vya usiri vinavyosainiwa kabla ya mgogoro kutokea. Vinavyosainiwa baada ya mgogoro sheria hiyo haikuvigusa, na ndivyo atakavyoletewa. Asisaini siku anayoletewa. Wakili aongeze mstari unaosema kifungu hicho hakimzuii kuzungumza na daktari wake, mshauri nasaha, polisi, mahakama na kamati yoyote ya uchunguzi, na aulize kwa maandishi nini kitafuata iwapo upande wa pili ndio utakaovunja usiri kwanza. Wakikataa mstari huo, arudi na karatasi bila saini.